Kikuku cha Mtani

Siku ya kwanza nilipoelekea Kituo cha Pumziko niligeuka njiani mara nne. Kwanza nilirudi kuangalia kama nimezima jiko. Nilikuwa nimezima. Kisha nikarudi kuangalia kama nilipoangalia niliangalia vizuri. Mara ya tatu nilirudi kwa sababu mbwa wa jirani hakubweka nilipopita, nikasema moyoni, huyu mbwa hubweka kila siku, kama leo kanyamaza basi kuna jambo. Mara ya nne sikuwa hata na sababu. Nilirudi tu, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wangu, mkoba mapajani, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Mimi ni mtu mzima jamani, mwaka wa hamsini na tatu huu. Jina langu Navoneiwa, lakini Usangi nzima wananiita Mama Namsifu. Ndimi ninayegawa maji ya ndiva, bwawa letu la juu linalopokea maji ya minara ya kukamua ukungu. Wanaume sita wakija na majembe kugombania zamu, wote Wapare, wote wabishi, nawatuliza na wanaondoka wameshikana mikono. Lakini simu ikiita tu, tumbo linakaza. Nikiona watu wawili wamesimama wanaongea, najua wananisema. Nikichelewa kulala nahesabu mapigo ya moyo wangu mpaka yanakosea kwa kuhesabiwa.

Na gari la waya ndiyo usiseme. Barabara yetu iliporomoka miaka tisa iliyopita, na tangu hapo kushuka Mwanga ni kwa gari la waya peke yake: kichumba cha vioo kinaning'inia juu ya korongo, mnakaa watu wanane mnaangalia miti kwa juu. Wenzangu hushuka humo wakila karanga. Mimi sijawahi kukanyaga. Binti yangu Namsifu, mwanangu wa pekee, aliolewa huko chini, na harusi yake niliiangalia kwenye kioo cha simu nimekaa jikoni. Nilimwambia nina homa. Sikuwa na homa.

Safari ya tano nikafika.

Mshauri alikuwa kijana wa Kihaya, anaitwa Kahigi, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi siumwi."

"Sawa, mama. Basi kaa upumzike na kutokuumwa kwako."

Nikakaa. Hakuniuliza kitu. Alinimiminia chai ya tangawizi, akakaa naye. Dakika zikapita. Mimi kimya hunishinda, nikasema, "Binti yangu anajifungua mwezi ujao. Mtoto wa kwanza."

"Hongera."

"Hongera ya nini? Nitashukaje?"

Basi hapo kila kitu kilitoka. Jiko, simu, mbwa, harusi. Nilisema mpaka chai ikapoa, na nilipomaliza nilimuuliza swali lililonizuia kuja miaka yote hiyo: kama mimi ni kichaa.

"Hapana, mama," akasema. "Mwili wako una mlinzi mwaminifu sana. Tatizo lake anapiga filimbi hata paka akipita. Hatutamfukuza, maana siku mwizi akija utamhitaji. Tutamfundisha kutofautisha."

"Miaka yangu hii anafundishika?"

"Anafundishika. Una mtani hapa mlimani?"

Nikadhani sikumsikia vizuri.

*

Nieleze hapa, kwa faida ya walio mbali na mambo haya.

Vikuku huwa viwili, kama vya shaba lakini vina uzi mweusi ndani. Kimoja unavaa wewe, kingine anavaa mwenzako. Havihamishi mawazo, msije mkasema watu wa milimani wanasomana vichwa. Vinahamisha mshtuko tu: moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho, pumzi kukwama. Wewe unabaki mtulivu, mwenzako anaupokea mshtuko wako, hata kama yuko upande wa pili wa kijiji.

Walipoanza kuvitumia waliwavisha ndugu. Ikawa balaa. Mama akipokea mshtuko wa mwanawe anauamini. Mwili wake unasema, kama mtu wangu anaogopa hivi, hatari ipo kweli. Vikuku vikivuliwa, mshtuko haurudi kwa mwenyewe, umeshahamia kwa mama. Wakajaribu kuwavisha wageni. Mgeni hajali, mshtuko unampitia na kurudi kwako ulivyo. Halafu muuguzi mmoja, kwa kukosa mtu, akamvisha mgonjwa wake na mtani wa mgonjwa. Yule mtani akashtuka, akaangalia huku na huku, asione kitu, akaangua kicheko. Na mshtuko uliochekwa na mtu anayekujua vizuri, lakini si wa damu yako, uliporudi ulikuwa umepungua.

Wataalamu wakashangaa, wakaandika vitabu. Sisi huku tulisema, mlikuwa wapi? Mtani ndiye anayekuja msibani kwako akaingia kaburini na kulala, akidai marehemu kamkalia nafasi, na wafiwa wanacheka machozi hayajakauka. Kazi yake hiyo tangu zamani.

Karatasi ya masharti ilikuwa fupi. Mtaniane mnavyotaka. Msilishane nyumbani, msiuguzane, msiitane majina ya udugu mpaka matibabu yaishe.

"Mimi na Mchaga tuitane ndugu?" nilimwambia Kahigi, nikitia sahihi, maana mtani niliyemtaja ni Mchaga mwenye bucha. "Thubutu!"

*

Manka alikuja na aproni yake ya bucha. Mwanamke wa Marangu, ana miaka arobaini na mitano hivi, mjane, mikono mipana, sauti ya kuitia ng'ombe. Nilimjua kwa kununua nyama na kutukanana.

"Huyu ndiye mgonjwa?" akamuuliza Kahigi. "Mbona kadogo? Nilidhani woga mkubwa unakaa kwenye mwili mkubwa. Haya, lete bangili. Nimekuja kuzika woga wa Mpare, na sanda mtanunua wenyewe maana hawa hawatoi."

Tukavaa. Kahigi akaipigia simu yangu kutoka chumba cha pili.

Ikaita. Mimi nikangoja tumbo likaze. Halikukaza. Nikaitazama ile simu, chombo tu, kinaimba. Miaka yote nilikuwa sijawahi kuusikia wimbo wake mpaka mwisho. Upande wa pili wa meza Manka aliruka, akashika kiti kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Nini? Nini hiyo?" Akatazama dari, mlango, chini ya meza. Kisha akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Simu?" akasema. "Mpare, unaogopa simu? Na mdomo wote huo wa kwenda mahakamani kwa ajili ya mpaka wa mgomba mmoja?"

Alicheka mpaka akatoka kwenye kiti. Nami nikacheka, nikaona ajabu kwamba nacheka kitu kilichonila miaka yote. Tulipovua vikuku hofu yangu ilirudi, ndiyo, ila ilirudi imeinamisha kichwa, kama mtu aliyezomewa sokoni.

"Sasa ndiyo kazi inaanza," Kahigi akasema. "Kikuku kinakupa nafasi tu, mama. Ukifika nyumbani ukasikia mwili unakwambia rudi ukaangalie jiko, usibishane nao na usiutii. Kaa nao. Vuta pumzi, uache upige filimbi mpaka uchoke."

Nilikaa nao. Siku nyingine nilishinda, siku nyingine nilirudi kuangalia jiko. Lakini wiki ya nne nilikuwa naangalia mara moja tu, kama watu wengine, na siku moja nilipita bila kukumbuka kama mbwa kabweka au la. Jumanne na Ijumaa Manka alinicheka bila huruma. Nilizingoja siku hizo kuliko Jumapili.

*

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Bucha lilifungwa siku mbili mfululizo. Watu wakasema Mchaga kaenda kwao kunywa mbege. Mimi nikaenda kugonga nyumbani kwake, na Mungu ni shahidi, sikwenda kumuuguza. Nilikwenda kumcheka. Nilikuwa na tusi zuri nimeliandaa njia nzima.

Nikamkuta sakafuni, midomo imekauka, mwili unawaka homa. Yuko peke yake. Watoto wake wako Arusha, hakutaka kuwasumbua.

Ningefanyaje? Ningerudi kusoma karatasi ya masharti? Nilimwita muuguzi akaleta dawa, na siku nne nilishinda pale. Nilimwogesha, nikamfulia. Nikampikia mtori, ile supu yao ya ndizi, mimi Mpare nikampikia Mchaga mtori, na akaumaliza wote bila kuutukana, ndipo nikajua anaumwa kweli. Siku ya tatu homa ilipopanda tena alinishika mkono kwa nguvu zake zote.

"Dada, usiende."

"Nipo, mdogo wangu," nikasema.

Ilinitoka tu. Na ilikuwa tamu mdomoni, maana mimi sikuzaliwa na dada. Nilijua karatasi inasema nini. Sikumwambia Kahigi. Ningemwambia nini? Kwamba nimempenda mtani wangu? Nikajipa moyo kwamba akipona matusi yatarudi, na mambo yatakuwa kama zamani.

*

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya jaribio. Manka alibaki buchani na kikuku chake, mimi na Kahigi tukaenda kituo cha waya. Nilitakiwa nipande mpaka nguzo ya kwanza na kurudi.

Nikapanda! Nakwambia nikapanda kama ninavyopanda kitandani. Mlango ukajifunga, chini kukaondoka, na mimi nikaegemeza paji la uso kwenye kioo. Niliona migomba imejipanga kwenye mteremko, niliona mtu anakoga mtoni akidhani yuko peke yake, na mbali kabisa bwawa la Nyumba ya Mungu linang'aa. Miaka tisa watu walinisimulia hayo. Nilikwenda mpaka nguzo ya kwanza, nikarudi, nikamwomba Kahigi aniruhusu tena. Nilizunguka mara tano. Saa mbili nzima.

Tukavua kikuku. Nikasubiri hofu irudi imeinamisha kichwa. Nikasubiri sana. Haikuja.

"Nimepona!" nikamkumbatia Kahigi nikamharibia shati.

Hakunirudishia furaha niliyoitegemea. Alikitazama kikuku, akaandika kitu, akasema tungoje kidogo. Nani angoje? Nilikuwa nimeshafika barabarani, nakimbilia buchani kumwambia mtu wangu.

Palikuwa na mteja mmoja, mama wa kwaya, amesimama na kikapu anatikisa mguu. Manka alikuwa mbele ya gogo la kukatia nyama, anakitazama kisu.

"Nisubiri kidogo," akamwambia mteja. Akaenda kusukuma mlango wa friji. Ulikuwa umefungwa. Akarudi, akanyoosha mkono kwenye kisu, akaurudisha. Akaenda tena kwenye friji. Kidole gumba chake kilikuwa kinagusa vidole vingine kimoja kimoja, kwenda na kurudi.

Kidole kile nilikifahamu. Ni mimi ninayefanya hivyo, tangu msichana. Sijawahi kumwambia mtu.

"Mtani!" nikasema. "Nimepanda! Mara tano!"

Akageuka, akajitahidi kutabasamu. "Hongera, dada."

Nikangoja tusi. Nililingoja kwa moyo wote. Wapare, makande, kesi, chochote.

"Manka, kikuku chako hujakivua?"

Akainua mkono. Ulikuwa mtupu.

*

Kahigi hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Alituketisha wote wawili, akauliza taratibu tulikula wapi na nani aliumwa. Nikasema yote. Hata "mdogo wangu" nilimwambia.

"Basi hofu yako haikurudi kwa sababu imepata nyumba," akasema. "Mwili wa Bi Manka haukuona kitu cha kucheka. Ulisema, dada yangu ana hatari, ukaipokea kama yake."

"Itamtoka lini?"

"Ikiachwa, kwa mazoezi, labda miezi, labda mwaka. Tunaweza pia kuirudisha kwako sasa, kwa vikuku hivihivi. Lakini itarudi yote, haikuchekwa hata kidogo, na siku za kwanza utaiona nzito kuliko ulivyoizoea. Na hutavaa kikuku tena mpaka mwaka uishe." Akanywa maji. "Mwili ukikaa na mshtuko siku nzima, mchana na usiku, haurudishiki tena. Mwisho ni kesho saa sita mchana."

"Na gari la waya?"

"Sijui, mama. Ukiniuliza kama unaweza, naamini unaweza. Ukiniuliza kama utaweza wiki hii, sijui."

Manka alikuwa amekalia viganja vyake ili visitetemeke. "Mwacheni aende," akasema. "Harusi aliikosa. Na hili alikose? Mimi nina haraka gani? Ng'ombe wangu wameshachinjwa, hawakimbii. Kahigi atanifundisha hayo mazoezi."

"Manka..."

"Nimesema nenda, dada."

Nitasema ukweli, maana nisipousema hapa nitausemea wapi. Nilitaka kukubali. Niliutazama mlango nikamwona Namsifu nyuma yake, na nikataka kusema ahsante na kuondoka. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilisema nitafikiri, nikaenda nyumbani. Nikapika, nikazima jiko, sikuangalia hata mara moja. Nikalala usingizi mtamu kama wa mtoto mchanga, na aibu ya usingizi ule ninayo mpaka leo.

*

Saa moja asubuhi simu iliita. Nikapokea bila kufikiri.

"Mama, yameanza." Sauti ya Namsifu ilikuwa nyembamba. "Kabla ya siku zake. Tuko hospitali. Utakuja?"

"Nakuja."

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu."

Na ilikuwa kweli. Mfuko niliufunga siku nyingi: kanga, unga wa uji, mafuta ya mtoto. Nikabeba, nikatoka. Njia ya kituo cha waya inapita mbele ya kwa Manka.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, mkoba mapajani.

"Nimetoka, nimerudi," akasema bila kuninyanyulia macho. "Nimetoka tena, nimerudi. Bucha liko pale, naliona. Sijui naogopa nini. Nimeangalia kufuli mpaka mkono unauma." Akapangusa pua kwa kiganja. "Dada, uliwezaje kuishi hivi? Miaka yote hiyo, ulikuwa unakuja kununua nyama, unanitukana vizuri tu, kumbe una hiki kitu ndani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikakaa naye kwenye ngazi. Nilimwona alivyokuwa mdogo, mwanamke yule wa sauti ya kuitia ng'ombe, na nikajua siwezi kushuka kumpokea mtoto wa binti yangu kwa mikono iliyotulia kwa sababu ya mikono hii inayotetemeka.

"Inuka," nikasema. "Twende kwa Kahigi."

"Mtoto anazaliwa?"

"Anazaliwa."

"Basi wewe una wazimu. Shuka!"

"Nitashuka. Lakini hofu ni yangu, nimeizoea, na najua inavyolala na inavyoamka. Wewe huijui, itakuua bure. Inuka."

"Siinuki."

"Manka, unataka kubishana na Mpare? Asubuhi hii? Tutakesha."

Kitu kidogo kikacheza kwenye mdomo wake. Akainuka. Tulikwenda tumeshikana, na alipogeuka kuangalia kufuli sikumzuia. Nilimwambia tu, mara hii moja, kisha twende.

Ilichukua nusu saa. Vikuku vikapata joto. Nilimwangalia Manka usoni muda wote, na niliona mabega yake yakishuka kidogo kidogo, kidole gumba kikasimama, pumzi ikaingia mpaka tumboni. Alifumba macho, akalia kimya kimya, machozi ya mtu aliyetua mzigo.

Nami ikanijia. Loo! Ilikuja yote kwa mara moja. Ukuta ukasogea. Nikajua kwa hakika kwamba nakufa, kwamba Namsifu anakufa, kwamba jiko linawaka. Nikamshika Kahigi shati.

"Panda nayo," akaniambia sikioni. "Usingoje iishe ndipo upande, mama. Utangoja sana. Panda nayo hivyohivyo."

Manka akafumbua macho, akanitazama. "Mungu wangu, Mpare," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Hili ndilo furushi ulilokuwa unanibebesha? Hata gunia la makande lina nafuu."

Alinisindikiza mpaka kituo cha waya, mfuko wangu kichwani kwake, akinitukana njia nzima. Alimwambia mhudumu, "Huyu akilia usimshushe, ndivyo wanavyoimba kwao." Kisha ilimbidi arudi, wateja walikuwa wamejaa kwake tangu jana. Alinibana kifuani mara moja, kwa haraka, akaenda.

Nikabaki peke yangu kwenye sakafu ya saruji.

Gari la kwanza likaja. Mlango ukafunguka, watu wakaingia. Miguu yangu haikuinuka. Likaondoka. La pili likaja, mhudumu akaniangalia, nikatazama pembeni kama ninayemsubiri mtu. Likaondoka. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni. Simu ikaita mkononi, nikaruka nusura niiangushe.

"Mama, umefika wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ninao mwingi, nimeutunza miaka tisa. Mlango wa ndiva umevunjika. Watu wanapigana zamu. Nina homa.

"Nipo kituoni huku juu," nikasema. "Sijapanda."

Nilisikia anahema. "Kuna tatizo la maji?" akauliza, kwa upole wa mtu aliyezoea.

"Hakuna tatizo la maji. Halikuwepo. Naogopa, Namsifu. Naogopa gari hili mpaka miguu imekufa. Naogopa simu yako, kila ikiita najua umekufa. Harusi yako sikuwa na homa. Nilikaa jikoni nakuangalia kwenye kioo nikalia, kwa sababu niliogopa."

Kisha uchungu ukamshika, nikamsikia akiguna, akiomba maji, na mimi nimesimama na simu sikioni siwezi kumshika hata kidole. Ulipopita akarudi.

"Nilidhani hukumtaka mume wangu," akasema. "Miaka yote hii, mama. Nilidhani hunitaki na mimi."

"Mwanangu!"

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa hilo pia."

Akacheka kidogo, kicheko cha machozi. Halafu sauti yake ikawa ya mtoto wa miaka sita. "Mama, hata mimi naogopa. Naogopa sana. Nimewaambia wote huku kwamba siogopi."

Hapo hakukuwa na kikuku. Lakini hofu yake ilinifikia yote, ikaingia ikakaa pamoja na yangu, na ni kweli, mama akipokea hofu ya mwanawe anaiamini. Niliiamini. Moyo ulinipiga mpaka masikioni, nikatetemeka kwa ajili yetu sote wawili. Na gari la tatu lilikuwa linaingia kituoni.

"Usikate simu," nikasema. "Tuogope wote."

Nikashika chuma cha mlango kwa mkono mmoja. Nikainua mguu mmoja. Nikauinua wa pili. Mlango ukajifunga nyuma yangu, sakafu ikayumba.

"Mama? Umepanda?"

"Nimepanda, mwanangu. Natetemeka, lakini nimepanda."